Sifa, Kabla Mzee Hajaja Kuchukua Gari

Sifa mwanangu,

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba mimi ni baba yako. Mama yako anajua, lakini huyo hakuhitaji kuambiwa. Wengine wote, babu yako Mzee Zakayo, bibi yako, mchungaji, hata mama yangu mzazi ambaye amekubeba mgongoni mara nyingi bila kujua anambeba mjukuu wake, wananijua kama Fiston tu, kijana wa mitambo ya sauti kanisani, yule mpole asiyesema sana.

Kesho mnaondoka, wewe na mama yako na babu na bibi yako. Gari litawapeleka Entebbe, ndege itawapeleka Kanada, na wewe utalala njia nzima kwa sababu ndivyo ulivyo, ukipewa mtikisiko kidogo unasinzia. Wewe bado hujaota jino. Barua hii utaisoma ukiwa mkubwa, kama mama yako ataitunza, na kama Kiswahili kitakuwa kimebaki mdomoni mwako. Sitakuandikia mambo ya kuvaa soksi na kula vizuri. Hayo bibi yako anayajua kuliko mimi, na baridi ya huko mimi siijui. Nitakuandikia ninachokijua, na ninachokijua zaidi ni makosa yangu.

Naandika nikiwa karakana ya Katwe. Leo ni Jumapili, watengeneza majiko na masufuria wamefunga, nyundo zimenyamaza. Gari la babu yako liko mbele yangu, milango minne wazi. Nimemaliza kulifanyia kazi. Atakuja kulichukua kabla ya ibada ya kuwaaga, na akishalichukua sitapata tena nafasi ya kuwa naye peke yake. Kwa hiyo ni leo. Nikiacha apande gari aende, utaondoka nchi hii ukiwa mtoto ambaye baba yake hakujitokeza. Nikisema, safari yenu haitabadilika, tiketi zimeshatoka na jina langu halimo. Lakini babu yako atajua wewe ni wa nani, na wewe utakua ukijua.

Nakuandikia kwanza ili nione kama maneno haya yanaweza kutoka.

Mimi nimesomeshwa kwa lugha mbili na zote mbili zilinifundisha kunyamaza. Bukavu nilisoma kwa Kifaransa mpaka darasa la tano. Tulipokimbilia Kampala wakanirudisha darasa la nne, kwa Kiingereza. Mwalimu akimaliza kueleza alikuwa anaangalia upande wangu na kuuliza kama nimeelewa. Nilikuwa najibu ndiyo. Niliona neno hilo linafunga maswali, kama mtu anayefunga mlango taratibu asisikike. Muhula mzima ukapita hivyo. Siku ya mtihani nilitoa karatasi nyeupe. Mwalimu hakunichapa. Alimwita mama yangu akamwambia, kwa mikono na kwa maneno machache ya Kiswahili, "Mama, huyu mutoto alisema anaelewa. Mimi iko namuamini." Alionekana ameumia kuliko mimi. Nadhani alijiona mjinga, amefundisha muhula mzima mtoto aliyekuwa anamdanganya kwa heshima.

Mama alinipeleka nyumbani bila kusema kitu. Na yeye ndivyo alivyo. Baba yangu aliondoka Bukavu kwenda Uvira na mzigo wa vitenge nikiwa mdogo, hakurudi, na mpaka leo mama hajaniambia hata neno moja juu yake. Nikitaka kumtafuta sijui nitafute kaburi au nitafute nyumba. Nilizoea. Nilifikiri watu wote hubeba shimo la namna hiyo na kulizunguka wakitembea. Nilipokuona wewe mara ya kwanza, umefungwa shuka ya manjano, ndipo nilipoelewa kwamba shimo lile lilichimbwa na mtu, na kwamba mimi nilikuwa nimeshika jembe.

Sasa nikueleze kuhusu gari.

Mwaka jana babu yako alinunua gari hili, lililotumika, la kubebea abiria wa kukodi siku za kazi na vyombo vya kwaya siku ya Jumapili. Redio yake ilikuwa na sauti ndogo. Shemeji yake aliyeko Nairobi, kaka wa bibi yako, akamtumia spika nne kubwa kama zawadi. Babu yako akazileta hapa karakana. Bosi wangu, tunamwita Ssalongo kwa sababu ana mapacha, alikuwa amekwenda mazishini Masaka. Nilikuwa peke yangu.

"Kijana," babu yako akasema, "hii redio inaongea kama mgonjwa. Toa hizo za zamani, weka hizi. Jumapili ni siku ya kwaya kuonyesha nyimbo mpya. Nitafungua milango yote pale uwanja wa kanisa. Nataka Kansanga yote isikie nyumba yangu bado inaimba."

Alisema hivyo kwa sababu Jumapili iliyotangulia mama yako alikuwa ameondolewa kwenye kwaya.

Labda huko unakokwenda makanisa hayana desturi hii, kwa hiyo nikueleze. Kwetu, msichana akipata mimba bila ndoa anavua joho la kwaya na kukaa benchi ya nyuma, ile ya karibu na mlango. Haimbi, hashiriki meza ya Bwana. Anaombwa amtaje mwenzake, na mwenzake akitajwa, au akisimama mwenyewe, anakuja kukaa naye benchi ile ile. Watu wanawatazama wote wawili. Ni aibu, ndiyo, lakini ni aibu ya wawili, na ina mwisho. Mwisho wake wanaitwa mbele pamoja, wanaombewa, na mtoto akizaliwa anabarikiwa kwa majina ya pande zote mbili. Wazee wanasema benchi ile haijawahi kumuua mtu.

Mama yako alikaa pale peke yake. Hakunitaja. Mimi nilikuwa mbele kabisa, kwenye meza ya mitambo, nikipandisha na kushusha maikrofoni za watu waliokuwa wanaimba wimbo ambao sauti yake ya pili ilikuwa yake.

Sasa huyo ndiye mzee aliyesimama mbele yangu na spika nne ndani ya boksi. Ungekuwa wewe ungemwangalia usoni? Mimi niliangalia boksi. Na kwenye boksi nikaona tatizo.

Chini ya kiti cha dereva gari hili lina amplifaya ya kiwandani, ndogo, kama kitabu cha nyimbo. Imetengenezwa kusukuma spika nyepesi za karatasi, basi. Zile za Nairobi zilikuwa nzito, sumaku zake zimejaa kiganja. Spika nzito juu ya amplifaya dhaifu haziimbi zaidi, zinaimba chini kuliko zile ulizotoa. Ukitaka zisikike unaongeza sauti, unaongeza tena, mpaka amplifaya inaishiwa. Pale wimbo unapotaka kupanda, yenyewe haipandi, inakata. Sauti inatoka ikikwaruza. Ukiendelea kuilazimisha, waya mwembamba ulio ndani ya spika unapata joto mpaka unaungua, na zile spika ndogo za sauti nyembamba ndizo zinatangulia. Watu hudhani spika huuawa na nguvu nyingi. Mimi nimezitoa nyingi milangoni zilizouawa na nguvu kidogo iliyolazimishwa. Usitafute fumbo hapo, Sifa. Ni spika tu.

Nilitakiwa kusema hivi: mzee, ama tutafute spika nyepesi zinazoimba kwa nguvu kidogo, ama tuvute waya mnene kutoka kwenye betri, tufunge amplifaya kubwa nyuma kwenye buti. Ni sentensi moja. Ssalongo angeisema huku anatafuna muhogo.

"Zitatoa sauti?" babu yako akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Kubwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Bwana akubariki."

Niliogopa kwamba nikianza kusema na mzee huyu, hata habari ya waya, sitajua pa kuishia.

Jumapili ile uwanja ulijaa. Nyimbo zilianza vizuri. Babu yako alisimama kando ya gari amevaa suti yake ya kahawia, akawa ananifanyia ishara kwa kidole, juu, juu kidogo. Nikaongeza. Watu wa barabarani wakaanza kugeuka, naye akaniambia juu tena. Nikaongeza nikijua. Ikaanza kukwaruza, halafu ikaja ile harufu ya plastiki iliyoungua, halafu kimya. Vijana wa boda waliokuwa getini wakacheka. Mmoja akasema, "Banange, mzee, kwaya yako imekufa kabla ya kufika mbinguni." Babu yako akafunga milango ya gari mmoja baada ya mwingine, polepole, kama anafunga nyumba ya mtu aliyekufa. Mama yako aliangalia yote kutoka benchi ya nyuma.

Jioni ile ile akampigia shemeji yake Nairobi akamwambia amemtumia takataka. Wakarushiana maneno. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na bibi yako akawa anampigia kaka yake kwa kujificha jikoni. Mimi nilikuwepo nikikunja waya wakati babu yako anapiga simu ile. Nilisikia kila neno.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu, ingawa nilikifuata kwa kuchelewa sana. Ukinyamaza, mahali pako hapabaki patupu. Mtu mwingine anawekwa pale. Mjomba wa Nairobi aliwekwa pangu bila kujua, kwa kosa la kutuma zawadi. Na kwenye benchi, nusu ya aibu iliyokuwa yangu ilikaa juu ya mabega ya mama yako, pamoja na yake.

Siku moja baada ya ibada nilimfuata nyuma ya kanisa, alikuwa anasuuza vikombe. Ulikuwa bado tumboni, alikuwa anapumua kwa shida.

"Espe, nitasema."

"Utasema lini?"

"Nikipata nafasi."

"Nafasi si ile benchi?" akasema. "Iko wazi. Hata leo niliifuta vumbi."

"Kwa nini wewe usinitaje tu?"

Akaweka kikombe chini. "Fiston, mimi nitazaa mtoto mmoja. Mdomo wako sitauzaa. Ukitaka kusema, sema mwenyewe. Nikikutaja mimi utakuja pale kama mbuzi wa kuvutwa, na mtoto wangu simtaki baba wa kuvutwa."

Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa na hasira. Akaendelea kusuuza vikombe, na mimi nikarudi kukunja waya zangu. Alikaa benchi ile mpaka ulipozaliwa. Siku ya kukubariki alisimama mbele na babu yako na bibi yako, mchungaji akasoma jina la upande mmoja, na pale ambapo angesoma jina langu akameza mate akaendelea. Maikrofoni ilichukua ile sauti ya kumeza mate. Mimi ndiye niliyekuwa nimeiongeza.

Mama yangu alikuomba siku hiyo, akakushika kwa muda mrefu. "Angalia," akasema, "huyu mtoto analala kama wewe ulivyokuwa. Ngumi kwenye mashavu." Akanitazama. Nikainama kutafuta kitu chini ya meza. Nilipoinuka alikuwa bado ananitazama, halafu akakurudisha kwa mama yako. Nadhani alisubiri. Sisi wawili tumeishi chumba kimoja maisha yetu yote tukisubiriana.

Sasa leo.

Asubuhi babu yako alileta gari. Analiuza kwa shemasi mmoja, kesho shemasi atawapeleka Entebbe na kurudi nalo. "Lakini nataka liimbe njiani," akasema. "Huyu mtoto aondoke nchi hii na nyimbo zetu masikioni. Tafuta spika nyingine, kijana. Zile za shemeji zilikuwa feki."

Ssalongo alikuwa anapita kuchukua ufunguo wake. Akasikia, akanitazama, maana yeye alishajua kitambo ni nini kiliziua. Huwa ananitania, "Fiston, mukono yako iko muzuri sana. Lakini mudomo uliacha Congo?" Leo hakutania. Alitoka akaenda zake, akaniachia uwanja.

Nikasema, "Mzee, hazikuwa feki."

Akageuka.

"Zilikuwa nzuri. Amplifaya ya gari ndiyo ilikuwa dhaifu kwazo. Nilijua siku ile nazifunga. Sikukuambia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akakaa kwenye tairi tuliloweka kama kiti. Nilimwona amezeeka ghafla, au labda ni mara ya kwanza nimemwangalia. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Spika?"

Hapo, Sifa. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Ningesema, nilikuogopa wewe, mzee, kwa sababu mtoto aliyekuwa tumboni mwa binti yako ni wangu. Badala yake nikasema kazi nitaifanya leo vizuri, nitaweka amplifaya ya nguvu. Akanitazama kidogo zaidi ya kawaida, halafu akatoa simu. Nilidhani anampigia Ssalongo kunishtaki. Akapiga Nairobi.

"Shemeji," akasema. "Ni Zakayo. Usikate." Akabana simu sikioni. "Spika zako zilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyekukosea." Hakunitaja. Hakusema kuna kijana mmoja hapa mjinga. Alibeba peke yake, kama mama yako alivyobeba. Upande wa pili mtu akaanza kuongea haraka haraka, na babu yako akafuta macho kwa upindo wa mkono wa shati akisema eeh, eeh, kesho, ndiyo kesho tunaondoka, ndiyo, mtoto yuko mzima.

Mwaka mzima wa kununiana, na maneno yaliyouondoa hayakujaa hata kiganja. Sikufurahi kuona hivyo. Iliniuma. Maana yake nilikuwa ninaweza kuyasema siku yoyote.

Basi nikafanya kazi. Nilivuta waya mnene kutoka kwenye betri mpaka kwenye buti, nikaweka fyuzi karibu na betri ili ikitokea hitilafu iungue hiyo na si gari. Waya wa kurudisha umeme niliufunga kwenye chuma cha bodi, nikikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu ukiufunga juu ya rangi kila kitu kitaonekana kimeunganishwa na hakuna kitakachofanya kazi. Spika nimeweka nyepesi, za kutosha, si za kuonyesha. Nimejaribu wimbo ule wa mama yako, uliorekodiwa kabla hajaondolewa kwenye kwaya. Sauti yake ya pili inasikika vizuri kwenye mlango wa nyuma kushoto. Nimemwomba shemasi kiti chako kikae upande huo. Hilo ndilo jambo pekee la baba nililokufanyia mpaka saa hii, na nimelifanya kwa kujificha.

Sitaki ukue ukidhani baba yako hakukupenda. Lakini sitaki pia ukue ukidhani mapenzi yalitosha. Nilikupenda kila Jumapili nikiwa mbele kwenye mitambo, na mapenzi yale hayakumpunguzia mama yako hata dakika moja ya benchi. Wakikuambia mtu fulani ni mpole, angalia kwanza upole wake unalipiwa na nani. Wangu ulilipiwa na wanawake wawili na mzee mmoja.

Kama wewe pia umezaliwa na aibu ya kuongea, na naogopa umeichukua kwangu, maana ukibebwa na mgeni unaficha uso, usijichukie. Si dhambi kuwa na sauti ndogo. Ila sema na hiyo hiyo ndogo, mapema, kabla watu hawajaanza kukuwekea maana zao. Mimi nilisubiri siku ambayo nitakuwa na sauti kubwa. Haikuja. Asubuhi, nilipomwambia Mzee habari ya spika, sauti yangu ilikuwa ndogo vile vile, na alinisikia.

Sijui atafanya nini. Anaweza kunipiga. Anaweza kusema niondoke machoni pake, na kesho nisifike hata barabarani kuwapungia mkono. Anaweza kukataa nisikushike hata mara moja. Ibada ya kuaga itaanza na huenda nikaipitisha yote kwenye benchi ya nyuma, peke yangu, mwaka mmoja nimechelewa, na mama yako akiwa mbele akiombewa safari. Ni haki. Halafu usiku nitapaswa kumwambia mama yangu kwamba alikuwa bibi, na kwamba mjukuu anaondoka kesho. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko babu yako.

Nasikia hatua kwenye changarawe. Ni zake, anaburuza mguu wa kushoto kidogo. Na kuna sauti nyingine. Ni wewe. Amekuja na wewe, unapiga zile kelele zako za mate, naye anakuambia, "Taratibu, taratibu, njoo tuone kazi ya Fiston. Koko anakuambia taratibu." Koko ni babu, kwa lugha ya nyumbani.

Kuna droo hapa chini ya meza, na karatasi ingeingia. Ningeweka juu yake koleo na tepu, ningefunga, ningempa funguo za gari. Siifungui. Karatasi iko katikati ya meza, imeelekea upande wa mlango, jina lako juu.

Amegonga bati. "Fiston, gari tayari?"

Nimemwambia gari liko tayari, lakini aingie kwanza, akae, na kama anaweza anipe mtoto nimshike nikiwa nasema.